Ukitaka Kuhamia Kilosa au Mikumi

Ukifika Kilosa kutafuta kiwanja, dalali atakupeleka penye kivuli. Atakuonyesha mwembe, kisima, na jinsi sokoni palivyo karibu, kisha atakutajia bei ambayo kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam itasikika kama zawadi. Msikilize mpaka amalize, halafu muulize swali moja tu: mwaka 2009 maji yalifika wapi hapa? Akijibu kwamba hapa hayakufika, usibishane naye. Nenda nyumba ya jirani, piga hodi, mwamkie mzee utakayemkuta, umuulize yeye.

Mimi niliulizia hivyo kwa bibi mmoja aliyekuwa amekaa uani anapeta mchele. Hakunijibu. Aliweka ungo chini, akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba. Ukutani, juu ya matofali ya kuchoma, kulikuwa na mstari wa rangi ya udongo, umenyooka kama umepigwa kwa uzi wa fundi, usawa wa kifua changu. Alikuwa amepaka chokaa mara mbili na mstari ulikuwa umerudi mara mbili. "Baba, hapa ndipo mgeni alipofika," akaniambia. "Wajukuu tuliwapandisha darini." Kiwanja nilichoonyeshwa asubuhi ile kilikuwa bondeni kwake, upande wa mtoni.

Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulivunja tuta lililojengwa tangu enzi za ukoloni kuukinga mji, ukaingia mitaani. Watu zaidi ya 20,000 walibaki bila makazi, wengi wao wakaishi kwenye mahema kwa muda mrefu, na reli ya kati kuelekea Dodoma ikakatika vibaya. Waliokuwepo wanapanga umri wa watoto wao kwa tukio hilo: huyu alizaliwa kabla ya mafuriko, yule baada.

Mgeni anapaswa kuelewa maji hayo yanatoka wapi, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mkondoa hauanzii Kilosa. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya upande wa Dodoma na Mpwapwa, unateremka kupitia Gulwe na Kidete, unapenya kati ya milima na kumwagikia kwenye tambarare ya Kilosa ukiwa na jina la Mkondoa, na mwisho wa safari yake ni mto Wami. Kwa hiyo mvua inaweza kunyesha mchana kutwa Mpwapwa, nchi kame ambako maji hayanywewi na ardhi upesi, na wewe Kilosa jua linawaka, umeanika nguo, huku mto unapanda. Kuchungulia mawingu ya juu ya paa lako hakutoshi. Wenyeji husikiliza habari za juu, za Kidete na Gulwe, kabla ya kulala.

Na si jambo la miaka hii tu. Henry Morton Stanley, alipokuwa njiani kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alivuka tambarare ya Mkata wakati wa masika, na msafara wake ukakwama siku kadhaa katika maji na tope. Leo Mkata ni stesheni ya treni ya umeme kati ya Morogoro na Kilosa. Ukichungulia dirishani Aprili utayaona maji yale yale yamelala majanini.

Basi ukichagua Kilosa, chagua kwanza mwinuko, ndipo uchague mtaa. Tembea kwa miguu kutoka ukingo wa mto kwenda juu, uangalie nyumba za zamani zilizobaki zimesimama na uhesabu ngazi za barazani. Mahali ambapo wenyeji wamejenga misingi mirefu, wameshajua jambo. Tazama udongo: ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika utakula saruji nyingi kwenye msingi na utakusumbulia choo kila mwaka, kwani shimo linajaa kutoka chini. Na hata kama dalali anakuahidi mandhari ya mto, kumbuka kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba iliyo ndani ya hizo mita 60 haina mtetezi, si mbele ya maji wala mbele ya serikali.

Baada ya kusema hayo, nakiri kwamba kati ya miji hii miwili Kilosa ndio ninaoupenda, na nina sababu. Ni mji uliojengwa na reli. Wajerumani walianza reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na Kilosa ukawa mji wa stesheni na wa mashamba ya mkonge yaliyoenea mpaka Kimamba na Rudewa. Baadaye, katika miaka ya 1960, ikachepuka njia nyingine kutoka hapa kwenda Mikumi na Kidatu, kilomita 108. Mkonge ulipoanguka mji ulinyong'onyea. Ukipita Kimamba leo unaona bado minazi, maghala na nyumba zenye veranda pana za enzi ya mkonge. Lakini makao makuu ya wilaya yalibaki Kilosa, na makao makuu ya wilaya yana maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: mahakama, hospitali ya wilaya, ofisi ya ardhi, chuo cha maafisa tabibu. Ukisogea kidogo tu kuna Ilonga, yenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichotoa mbegu za mahindi zinazopandwa sehemu nyingi za nchi, pamoja na chuo cha kilimo na chuo cha ualimu. Watumishi na wanafunzi wote hao wanapanga, wanakula, wanafuliwa nguo, wananunua vocha. Mwenye vyumba vinne vya kupangisha Kilosa hatajirika, lakini kodi yake haifuati msimu.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria, kwanza Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni, halafu hadi Dodoma mwezi Julai. Kilosa ina stesheni yake kwenye reli hiyo. Kwa mstaafu ambaye watoto wake wako Dar na daktari wake yuko Dodoma, hili limebadilisha hesabu nzima. Ila usinunue kiwanja kwa sababu ya treni kabla hujaipanda mwenyewe. Ile ya haraka haisimami kila stesheni, kwa hiyo angalia ratiba ya treni ya kawaida, angalia inafika saa ngapi, kisha pima mwendo kutoka stesheni mpaka kwenye kiwanja kwa bodaboda, usiku, ukiwa na mzigo. Hapo ndipo utajua kama uko karibu na reli au unaisikia tu ikipita.

Sasa Mikumi. Huu ni mji wa barabara, na ukitaka kuufahamu usiende saa nne asubuhi. Nenda saa mbili usiku. Malori ya Zambia na Kongo yamejipanga pande zote mbili, madereva wameshuka wanaoga, wanakula, wanazungumza Kiswahili cha Tunduma na Lubumbashi. Kuna moshi wa nyama choma, harufu ya dizeli na breki zilizochoka, na vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi na sinia za mayai, karanga na maji. Mama ntilie anayejua kazi yake anauza ugali mpaka saa nane usiku na anafungua tena alfajiri kwa supu. Fundi wa matairi halali. Kama riziki yako inatokana na watu wanaopita, sijui mji mwingine katika wilaya hii wa kukushauri. VETA wana chuo pale, kwa hiyo hata kijana wako akitaka umakanika au upishi hatakwenda mbali. Kwa matibabu kuna hospitali ya Mtakatifu Kizito, ya kanisa, ambayo watu huifuata kutoka vijiji vya mbali.

Jambo hilo hilo linalolisha Mikumi ndilo linaloinyima usingizi. Chumba kinachotazama barabara kinatetemeka kila lori linapobadilisha gia. Watoto wanavuka barabara kuu kwenda shule. Wazazi ninaowafahamu pale hawalalamikii maisha magumu, wanalalamikia saa: mji haufungi, na binti wa miaka kumi na mitano anayemsaidia mama yake kuuza chai saa tano usiku anaongeleshwa na watu wazima wasio na jina wala kwao. Ukihamia na familia, tafuta nyumba iliyoingia ndani, mbali na lami, hata kama ni mwendo wa dakika ishirini.

Na ukinunua karibu na lami, beba futi ya fundi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza eneo la hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati. Usimwamini anayekuonyesha nguzo akasema mwisho wa barabara ni hapa. Pima mwenyewe. Kila Mtanzania anajua maana ya alama ya X nyekundu ukutani, na wapo waliouziwa kibanda ambacho ile alama ilikuwa imepakwa rangi juu yake wiki moja kabla.

Halafu kuna jirani mwenye masikio makubwa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu inaikata kwa kilomita 50 hivi, ndiyo maana abiria wa basi wanaona twiga na nyani bila kulipa kiingilio. Mji uko ukingoni mwake. Tembo hasomi ramani. Nimetembea shamba la mahindi upande wa hifadhi asubuhi baada ya tembo kupita: mabua yamelazwa kama nywele zilizochanwa, na kwenye tope nyayo pana kama sinia, kila moja imeshika maji kidogo. Mwenye shamba alikuwa amekaa juu ya kichuguu anatazama. Alikuwa amezungusha kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, na miezi miwili zilisaidia.

Serikali ina malipo inayoyaita kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina yenyewe yanakuambia kiasi chake: yanafuta, hayalipi. Tena kanuni zinahesabu umbali, na kadiri shamba linavyosogelea mpaka wa hifadhi ndivyo unavyopata kidogo. Kwa hiyo ardhi ya bei rahisi iliyopakana na hifadhi si rahisi. Ukitaka kulima Mikumi, lima upande mwingine, na uwaulize majirani ni usiku ngapi walikesha shambani mwaka jana. Jibu la namba lina thamani kuliko jibu la "wanakujaga mara moja moja."

Watu huniuliza kama inawezekana kukaa mji mmoja na kufanya shughuli mji mwingine. Kwa ramani ni karibu, kilomita sabini na kitu kupitia Ulaya. (Ndiyo, kuna kijiji kinaitwa Ulaya, na mtu wa Kilosa akikuaga kwamba anakwenda Ulaya na kurudi jioni, hakudanganyi.) Ila njia hiyo kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi na tope. Wanaotoka Kilosa kwenda Morogoro mjini huzungukia Dumila kwa lami ya Rudewa. Pita mwenyewe njia ya Ulaya siku ya mvua kabla ya kuweka mipango ya kwenda na kurudi. Biashara nzuri zimekufa kwa sababu ya korongo moja.

Miji mingine ya wilaya nitaitaja kwa kifupi. Dumila, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, ni soko. Mwenye mtaji mdogo wa kununua na kuuza mazao ataota mizizi pale upesi kuliko Kilosa, na kiwanda cha sukari cha Mbigiri kilichozinduliwa 2024 kimeongeza watu na mzunguko wa fedha. Nako maji yanahusika: Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja na kufunga barabara hiyo kuu. Kusini, Ruaha na Kidodi wanaishi kwa miwa ya kiwanda cha Kilombero, na tangu lami ipite kutoka Kidatu hadi Ifakara hawako tena mwisho wa dunia. Mkulima wa miwa akae huko, asijisumbue na Kilosa. Kimamba ni pa mtu anayetaka utulivu na ana pensheni.

Kuhusu ardhi ya kulima nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wamepoteza fedha, na huko nyuma wamepoteza roho. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30 kwa siku moja. Tangu hapo kumekuwa na mapigano mengine, na mzizi ni ule ule: kipande kimoja, mtu mmoja anaona shamba, mwingine anaona malisho na njia ya kwenda mtoni. Mtu wa mjini anakuja na fedha zake, anauziwa ekari kumi kando ya mto wakati hakuna ng'ombe, anapanda mpunga, na Juni mifugo inashuka kufuata maji kama ilivyoshuka tangu enzi za mababu. Kabla hujatoa hata shilingi, uliza njia ya mifugo inapita wapi. Waulize wakulima, kisha nenda kwenye maboma ya wafugaji uwaulize nao, kwa heshima, unywe maziwa watakayokukaribisha. Wakikuonyesha njia moja, nunua mbali nayo. Wakikuonyesha njia mbili tofauti, ondoka.

Pia fahamu unanunua ardhi ya aina gani. Kiwanja kilichopimwa mjini kiko chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na ofisi ya ardhi pale Kilosa itakuonyesha namba yake na mmiliki wake. Shamba la kijijini liko chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka huo huo, na asiye mwanakijiji hanunui mkononi kwa mtu akamaliza. Unaomba kwa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unaridhia. Karatasi iliyogongwa muhuri na mwenyekiti peke yake, jioni, barazani kwake, siku moja itakuacha unalia mahakamani. Nenda kwenye mkutano mkuu wenyewe, ukae uone mikono ikinyooshwa, majirani wa pande zote nne wapige hatua za mipaka wakiwepo. Jihadhari zaidi na vipande vya mashamba makubwa ya mkonge yaliyotelekezwa. Baadhi yamefutiwa hati na kurudishwa kwa wananchi, mengine bado yana mwenyewe, na kwa macho hayatofautiani: yote ni pori lenye mkonge uliozeeka.

Kwa hayo yote, ushauri wangu ni kupanga kwanza. Chumba na sebule, mwaka mzima, mji unaoufikiria. Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Lipa, ni nafuu kuliko msingi uliokaa pabaya. Katika mwaka huo utajua bomba linatoa maji siku gani na kama ndoo inauzwa mtaani kwako, umeme unakatika upepo wa upande gani ukivuma, zahanati ina dawa au ina mganga peke yake. Shule usiziulize kwa mwalimu mkuu. Simama barabarani saa saba mchana uone watoto wa darasa la pili wanatoka na nini kwenye madaftari. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji siku ya kwanza ukajitambulishe, hudhuria misiba, changia. Watu wa hapa, Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na wote waliofuata mkonge na reli wakabaki, ni wakarimu, lakini habari ya mstari ukutani humwambia mtu anayewaamkia.

Joto nalo ulizingatie kama unatoka Iringa au Lushoto. Kilosa iko chini ya milima, kiasi cha mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Novemba haupoi. Chandarua si pambo. Mikumi kuna afadhali kidogo, si sana. Morogoro mjini, mji kasoro bahari, pana upepo wa Uluguru, na wapo wanaoamua kukaa kule wakaja Kilosa kwa treni kuangalia shamba. Kwa mwenye nauli si uamuzi mbaya.

Safari yako ya kwanza ifanye Aprili, mvua ikiwa imekolea. Chukua gumbuti, tochi, na nguo za kubadilisha. Lala Mikumi usiku mmoja, uombe chumba cha mbele kinachotazama barabara, si kile kizuri cha nyuma watakachokupa kwa heshima. Kesho yake panda gari la kupitia Ulaya hata kama linachukua siku nzima. Ukifika Kilosa, alfajiri kabla ya chai, nenda ukasimame darajani utazame maji yana rangi gani na yanabeba nini. Kutakuwa na mtu mwingine amesimama pale naye anatazama. Mwamkie, umuulize anakaa mtaa gani, na kama hana haraka, umwombe akupeleke.